Mchanganuo, Si Bili ya Kiasi

Karatasi ilikuwa ya kurasa mbili, imepigwa chapa vizuri, na juu yake kwa herufi kubwa paliandikwa BILI YA KIASI. Mwenyewe ni mama mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo, aliyekuja Guangzhou kufuata mzigo wa dukani kama afanyavyo kila mwaka. Safari hii alikuwa na jambo la ziada. Nyumbani kwake Tabata anaunga chumba: sebule inasogezwa mbele, na kwa kuwa yuko huku aliona anunue vigae vyake mwenyewe, aviingize kwenye kontena analochangia na wenzake. Akaniomba mimi, mkalimani wake wa siku zote, nimpeleke Foshan.

Tulipanda treni ya chini ya ardhi inayounganisha miji hiyo miwili tangu 2010, kisha teksi hadi Nanzhuang, kwenye maduka ya vigae yaliyofuatana barabara nzima. Muuzaji, kijana mwenye kikokotoo mkononi, akauliza swali ambalo wauzaji wote wa kule huanza nalo: ji pingfang? Mita ngapi za mraba? Mama akanikabidhi karatasi. Nikautafuta mstari wa vigae, nikaukuta ukurasa wa pili: "Vigae vya sakafu na vifaa vyake, jumla," halafu bei. Mita hakuna. Idadi hakuna. Hata ukubwa wa kigae kimoja haukutajwa.

Nikamuuliza mama kama aliyemwandikia alimweleza chochote. Akanijibu, "Mwanangu, yeye aliniambia ni bili ya kiasi tu. Nikamshukuru Mungu, nikajua haitanielemea."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani kwa wiki nyingi. Mama yule hakukosea Kiswahili. Alikisikia kama kinavyosemwa. Bei ya kiasi ni bei ya wastani, mshahara wa kiasi ni mshahara usio mkubwa wala mdogo, mtu wa kiasi ni mtu asiyepitiliza. Basi bili ya kiasi ni nini tena, kwa sikio la mtu aliyezaliwa na lugha hii, kama si bili isiyoumiza? Aliyekosea ni yule aliyekaa mezani akachukua maneno mawili ya Kiingereza, akayabadilisha moja baada ya jingine kama mtu anayebadilisha fedha dirishani, akaridhika.

Msomaji anaijua karatasi ninayoizungumzia. Kila aliyejenga, au aliyeongeza hata choo cha uani, ameishika: kazi yote imegawanywa vipande, kila kipande kina kipimo chake, na kila kipimo kina bei yake. Wengi mjini huitaja kwa herufi zake tatu za Kiingereza, BOQ, yaani bill of quantities, wakamaliza. Siwalaumu, maana hawajapewa jina. Walichopewa na wataalamu wa kamati ya istilahi ni majina mawili, na yote mawili ni mabovu.

La kwanza ndilo hilo la bili. Kiswahili kilishalipokea neno bili zamani na kikalipa kazi moja: ni deni la kitu ulichokwisha kutumia. Bili ya umeme, bili ya maji, bili ya hospitali. Umekwisha kuwasha taa, sasa lipa. Karatasi ya ujenzi inakwenda kinyume kabisa na hapo, maana inaandikwa kabla jembe halijagusa ardhi, na anayeipokea bado ana hiari ya kukataa, kupunguza, au kutafuta fundi mwingine. Ukiita bili unamwambia mwenye nyumba kwamba mazungumzo yamekwisha na lililobaki ni kulipa. Nimewaona watu wazima wakilipa karatasi ya namna hiyo bila kuhoji mstari hata mmoja, kwa sababu tu juu yake limeandikwa neno ambalo maisha yao yote wamefundishwa kulitii.

Jina la pili linanikera zaidi kwa sababu limevaa joho la usomi. Ni "muswada wa kiasi." Hili nililiona kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya istilahi iliyopita mikononi mwa watu wenye shahada, na nililisoma mara mbili nikidhani ni kosa la mpiga chapa. Muswada! Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni weusi: karatasi iliyotiwa wino, andiko la awali ambalo bado linasubiri kusafishwa. Ndiyo maana mwandishi hupeleka muswada kwa mchapishaji, na serikali hupeleka muswada bungeni. Kwa Kiingereza, sheria inayopendekezwa, deni la mkahawani, noti ya benki na orodha ya ujenzi vyote vimeangukia jina moja, bill, kwa historia ndefu inayorudi hadi kwenye neno la Kilatini la muhuri, bulla. Hiyo ni historia yao. Mfasiri anayelikuta neno lenye nyuso nne hana budi kuuliza ni uso gani unaomtazama. Hawa hawakuuliza. Walifungua kamusi, wakachukua maana iliyotangulia, na leo mwenye kuunga chumba kimoja Tabata anapelekewa muswada kama spika.

Niliwaandikia. Sitaitaja kamati yenyewe, lakini waliomo wanajijua. Niliandika kurasa tatu, nikaeleza kasoro na nikapendekeza neno. Sikujibiwa. Orodha ilipotoka, neno langu lilikuwa limetiwa kwenye mabano, nyuma ya muswada, bila maelezo wala sababu. Kunikataa kungekuwa haki yao. Kulihifadhi neno sahihi mahali ambapo hakuna atakayelitumia, hilo siwezi kulisamehe.

Neno lenyewe ni mchanganuo. Kwa ukamilifu wake ni mchanganuo wa vipimo, lakini kwenye eneo la kazi mchanganuo peke yake unatosha.

Tulitazame neno hili kwa nafasi, maana linastahili. Mwanzoni kuna changa: kutoa kidogo kidogo mpaka kiwe kikubwa. Tunachanga harusi, tunachanga msiba. Ukilitia kauli ya kutendana unapata changana, na juu ya hapo ukiongeza kauli ya kutendesha unapata changanya, kwa njia ile ile iliyotupatia gawanya kutokana na gawana. Kuchanganya ni kuvifanya vitu vikutane hata visitambulikane tena. Fundi huchanganya saruji, mchanga na kokoto, na vikisha kuwa zege hakuna mwenye uwezo wa kukwambia punje hii ilitoka tripu gani. Halafu lugha yetu ina hazina ambayo lugha nyingi zinaikosa, kauli ya kutendua. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Tata, tatua. Kwa irabu moja tu ya u, tendo linarudishwa nyuma, kilichotendwa kinatenduliwa. Changanya, changanua. Kuchanganua ni kukirudisha kilichochanganyika kwenye sehemu zake, kila sehemu ionekane peke yake.

Sasa itazame kazi ya karatasi ile. Nyumba iliyokamilika ni mchanganyiko: msingi, jamvi, kuta, lenta, kenchi, mabati, plasta, nyaya, rangi, na jasho la saidia fundi. Gharama yake nayo ni mchanganyiko wa namna hiyo hiyo, donge moja linalotisha. Mkadiriaji anachofanya ni kulichanganua donge hilo kabla halijakuwapo. Analivunja liwe tofali, mfuko, nondo, siku ya kazi. Hakuna tendo jingine lolote, katika Kiswahili chote, linalosema hivyo kwa silabi chache namna hii. Na umbo la nomino limekaa mahali pake: m mwanzoni na o mwishoni, kama mchezo, mkopo, mtego, mfumo. Ni zao la tendo, kitu unachoweza kukishika mkononi.

Mwenzangu mmoja, ambaye amekuwa akinipinga hadharani na faraghani, anasema neno hili limekwisha kutumika kwingine. Watu wanasema mchanganuo wa biashara, mchanganuo wa bajeti, basi kwa ujenzi halina upekee. Najibu kwamba hilo ndilo lililonivutia kwake. Neno lililoko midomoni mwa watu halihitaji semina. Muuza duka anayekwenda kuomba mkopo anaombwa mchanganuo, anajua maana yake, na kesho akiunga chumba ataombwa mchanganuo vile vile, na ataelewa bila kufundishwa. Msingi wa nyumba na msingi wa hoja vinaitwa msingi, na sijasikia mtu akichimba hoja kwa sururu.

Anasema pia kwamba wataalamu wa lugha wamelichukua kwa ajili ya uchambuzi. Hapana. Walilochukua ni uchanganuzi, tendo lenyewe. Kama ulivyo mkopo na ukopaji, mchezo na uchezaji, ndivyo ulivyo mchanganuo na uchanganuzi. Mkadiriaji yuko kwenye uchanganuzi wiki nzima, na Jumamosi anakukabidhi mchanganuo. Mtu anayelumba hoja ya namna hiyo katika kikao cha istilahi alipaswa kurudi kwanza kwenye sarufi ya darasa la ngeli.

Yeye mwenyewe anapendekeza "orodha ya vipimo na bei." Nakiri hakuna uongo ndani yake. Lakini hayo ni maelezo, na maelezo si jina. Hakuna fundi atakayesimama juu ya jukwaa la miti akamwita mwenzake amletee orodha ya vipimo na bei.

Kuna maneno mawili ambayo mchanganuo haukuja kuyafukuza, nayo ni kisio na kadirio. Hapa kamusi zetu zimezembea kwa kuyafanya pacha. Kisia na kiasi ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi wa kulinganisha kitu na kingine, na wanafiqhi wanao ndugu yao, kiyasi, kwa maana ya kupata hukumu ya jambo jipya kwa kulifananisha na la zamani. Basi kisio ni hicho: fundi anazunguka ukuta wako, anakumbuka chumba alichounga mwaka jana kwa jirani, anakwambia "andaa milioni kadhaa." Amefananisha. Kadirio lina asili nyingine. Mzizi wake ni ule wa kadari na kudura na usiku wa Lailatul Kadiri: kuweka mpaka, kupangia kitu cheo na kipimo chake. Kadirio linahitaji ramani na futi kamba. Bunge linaposomewa makadirio ya mapato na matumizi, hatutarajii waziri awe amefananisha na jirani. Vivyo hivyo Tanzania ilichagua vyema ilipounda Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mkadiriaji ni jina zuri kabisa. Kinachouma ni kwamba mtu mwenye jina zuri hivyo anatoka ofisini ameshika muswada.

Kisio kwanza, kadirio lifuate, mchanganuo ufunge. Ngazi tatu, maneno matatu, yote yetu.

Kuishi Guangzhou kumenifundisha kwamba lugha inaweza kuzipanga ngazi hizi bila fujo. Wachina wana hatua tano za hesabu ya ujenzi na zote zinaishia kwa silabi moja, suan, yaani kuhesabu: gusuan kabla ya ramani, gaisuan kwa mchoro wa awali, yusuan kwa ramani kamili ya ujenzi, jiesuan wakati wa kumalizana na mkandarasi, juesuan mradi mzima unapofungwa. Alama ya suan juu yake ina alama ya mwanzi, kwa kuwa watu wa kale walihesabu kwa vijiti vya mianzi, na mpaka leo kila mkadiriaji wa hapa anaandika mwanzi huo bila kuufikiria. Karatasi yetu wao wanaiita qingdan. Dan ni karatasi au orodha. Qing ni safi, angavu, na alama yake ina matone ya maji pembeni: maji yaliyotulia mpaka ukaona chini. Mwaka 2003 taifa lao lilitoa kanuni ya kupanga bei za ujenzi kwa qingdan, na neno halikuhitaji kubadilishwa, kwa sababu tangu mwanzo lilisema kazi yake. Sipendekezi tuwaige. Sisi tunayo u ya kutendua, wao wana maji. Lakini hakuna Mchina aliyeiita karatasi hiyo deni la umeme.

Nitaligusa jingine kwa kupita. Kuunga chumba sasa kunaandikwa "upanuzi wa nyumba," na hilo nalo limetoka kwenye vikao vile vile. Kupanua ni kutanua kilichopo, kama mdomo au barabara. Nyumba inayopandishwa ghorofa haijapanuka. Karibu na Xiaobei, wanakokutana Waafrika wengi wa mji huu, kuna vijiji vilivyomezwa na jiji, na wenyeji wake waliongeza sakafu juu ya sakafu ili wapangishe, mpaka nyumba zikaitwa nyumba za kupeana mikono, kwa kuwa jirani anaweza kumfikia jirani dirishani. Wachina wanatofautisha kuojian, kujenga kwa kutanua, na jiajian, kujenga kwa kuongeza. Sisi tuna nyongeza, tuna kipenu kinachoegemea ukuta, na Lamu wana wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Utajiri huo wote umefagiliwa chini ya upanuzi.

Turudi dukani. Kwetu ilikuwa saa nne asubuhi, Dar saa kumi na moja alfajiri. Mama alimpigia simu fundi wake.

"Shikamoo mama," fundi akajibu kwa sauti ya usingizi.

"Marahaba baba. Hebu nitajie hicho chumba kina ukubwa gani. Usinitajie bei. Ukubwa."

"Nne kwa tatu na nusu, mama."

Nikageuza karatasi, nyuma yake nikaandika MCHANGANUO, na tukaanza. Sakafu, mita 14 za mraba. Asilimia kumi ya kukatwa na kuvunjika, 15.4. Kigae cha sentimita 60 kwa 60, vinne kwenye boksi, boksi linafunika mita 1.44. Muuzaji akabonyeza kikokotoo kabla yangu: maboksi 11. Tukaongeza moja la akiba, kwa kuwa rangi ya tanuri la leo na la mwakani hazilingani. Kila boksi lina uzito wa kilo 30 hivi, basi tukajua na uzito wa kuwaambia watu wa kontena.

Mama hakutaka kuondoka. Alivuta kiti akasema tuendelee na kuta. Chumba kinaegemea nyumba ya zamani, kwa hiyo kuta mpya ni tatu: nne, tatu na nusu, tatu na nusu, jumla mita 11, kimo mita tatu, eneo 33. Toa mlango, toa dirisha, zinabaki kama 29. Tofali kumi kwa kila mita, kama mafundi wanavyohesabu kwa tofali za inchi sita, tofali 290 na kidogo. Karatasi ya bili ilikuwa na mstari mmoja tu, "kuta, jumla." Chini yake "kazi za kuunganisha, jumla," na hapo ndipo nyongeza ya nyumba huficha fedha zake: kutoboa ukuta wa zamani na kuubeba kwa lenta mpya, kufumua ukingo wa paa na kuupaua upya, kuchimba msingi kando ya msingi uliokwisha kutulia bila kuutingisha, kuziba ufa utakaotokea mahali pa kale na pa sasa vinapokutana. Mambo manne, bei moja, kipimo hakuna. Mama alinyamaza, kisha akampigia fundi tena, na safari hii alimtaka aitaje kazi ya lenta peke yake na ya paa peke yake.

Kwa matumizi ya kila siku: andika mchanganuo juu ya karatasi, na kila mstari uwe na kazi, kipimo, idadi na bei. Neno jumla lisikae mahali pa kipimo.

Siku ya kuondoka alinionyesha karatasi ile kwenye begi lake la mkononi. Alikuwa ameikunja ndani nje, upande wa bili umefichwa, na hesabu za mkono zinaonekana. Wakadiriaji majenzi, mafundi mnaoandika bei kwenye daftari la shule, wafasiri mtakaokaa kwenye kikao kijacho cha istilahi: karatasi hiyo iiteni mchanganuo, na litoeni neno hilo kwenye mabano.